Presha ya kupanda: namna ya kuishusha na ibaki chini, kwa sisi wa Dodoma

Mi nipo famasi huku Majengo, nyuma ya kaunta, na kitu naulizwa kuliko vyote ni presha. Tena mara nyingi wala siulizwi, naagizwa: "Dokta nipe zile za presha za siku tano, leo kichwa kinanigonga." Za siku tano! Yaani mtu ananunua amlodipini kama anavyonunua panadol, kichwa kikiuma anameza, kikitulia anaacha, mwezi ujao karudi na 190. Basi nikaona niandike yote sehemu moja, hatua kwa hatua, ili mtu akinambia ana haraka nimtumie asome huko huko kwenye daladala.

Kitu kimoja kwanza, maana bila hicho huku kwingine kote tutapoteza muda. Presha haiumi. Unaweza kuwa na 170 na unalima, unacheka, unacheza harusini mpaka asubuhi, na unaweza kuumwa kichwa siku tatu mfululizo na presha yako iko 118. Kwa hiyo dawa unameza kwa sababu ya namba, na unapima ili uijue namba. Habari za "leo najisikia fresh kwa hiyo simezi" ndo zinazotujazia wodi.

Hatua ya kwanza: pima, ila pima vizuri

Hapa ndo wengi wanaharibikiwa mapema. Umeshuka stendi ya Nanenane, umepanda boda, jua la Oktoba la Dodoma unalijua lilivyo, umeingia hospitali unahema, foleni ndefu, mkojo umekubana, umekaa kwenye benchi lisilo na egemeo, mkono unaning'inia, nesi anafunga mkanda juu ya sweta huku anakuuliza unatoka kijiji gani na wewe unamjibu. Ikisoma 158, hiyo ni yako au ni ya boda? Hapo hamna wa kujibu.

Fanya hivi. Nusu saa kabla ya kupima usinywe kahawa, usivute sigara, ugoro nao uache kidogo, usifanye kazi nzito. Nenda kakojoe kwanza maana kibofu kikijaa namba inapanda. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, usiipishanishe, tulia dakika 5 bila kuongea na bila kuchati. Mkono uuweke mezani usawa wa moyo, mkanda ufungwe juu ya kiwiko kwenye ngozi yenyewe, nguo pembeni. Pima mara mbili, ukipisha dakika moja katikati, andika zote mbili. Na mara ya kwanza kabisa pima mikono yote, ule unaosoma juu zaidi ndo uwe mkono wako wa kupimia siku zote.

Ukiwa na uwezo wa kununua mashine chukua ya kufunga mkono wa juu. Zile za kufunga pale tunapovalia saa ni nzuri kuangalia ila ukikosea kuuweka mkono kidogo tu imekudanganya. Halafu saizi ya mkanda, watu hawaulizi kabisa hii: mama mwenye mkono mnene akifungwa mkanda mdogo atasomeka juu kuliko alivyo, anaongezewa dawa ambazo hakuzihitaji. Omba uonyeshwe mkanda mkubwa kabla hujalipa. Kama hela hamna, kuna kinamama wa vikoba mtaani kwetu walichanga wakanunua moja, inazunguka kwa zamu kila mtu na daftari lake, na kusema kweli wanapima vizuri kuliko sehemu nyingine nilizopita.

Sasa namba zenyewe. Ya juu ni nguvu ya damu moyo ukisukuma, ya chini ni moyo ukipumzika. Ukisomeka hospitali 140 kwa 90 au zaidi, siku mbili tofauti, hiyo ni presha, na hata kama imepita namba moja tu bado ni presha (wazee wengi inapanda ya juu peke yake, ya chini iko sawa, halafu wanaambiana "hiyo ni ya uzee tu", hapana). Nyumbani mstari uko chini kidogo, 135 kwa 85, kwa sababu nyumbani mtu katulia. Pima asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku 3 mpaka 7, za siku ya kwanza zitupe, zilizobaki tafuta wastani. Na usijipime kila saa jamani, kuna mtu anajipima mara kumi kwa siku halafu anashangaa inapanda.

Ukiona 180 kwa 120 au zaidi

Kaa, tulia dakika 5, rudia. Ikibaki hukohuko na kuna dalili hata moja kati ya hizi: kifua kinabana, pumzi inakata, uso umepinda upande mmoja, mkono au mguu umelegea ghafla, maneno hayatoki vizuri, kichwa kinauma vibaya kuliko ulivyowahi kuumwa, macho yanaona ukungu, kuchanganyikiwa au degedege, hapo ni hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, boda, bajaji, gari la jirani, chochote kinachotembea. Kama ni uso na mkono na maneno, angalia saa na umwambie daktari ilianza saa ngapi, hilo watalihitaji. Tena dalili za kiharusi zikitokea usisubiri hata kupima, namba iwe ngapi, nendeni.

Kama hakuna dalili yoyote basi usipanike. Meza dawa yako kama uliisahau, nenda kituo siku hiyo au kesho yake wakupangie. Ila kuna ule mtindo wa zamani wa kutoboa kidonge cha nifedipini na kukibonyezea chini ya ulimi ili ishuke chapchap. Uache. Presha ikiporomoka ghafla damu haifiki vizuri kwenye ubongo na moyo, unamletea baba yako kiharusi kwa mkono wako mwenyewe huku unadhani unamsaidia.

Hatua ya pili: nenda kituo, na vipimo vichache

Anzia karibu, zahanati au kituo cha afya, pale Makole kwa mfano, hospitali kubwa za General na Mkapa utafika kwa rufaa ikibidi. Vipimo vya kuulizia ni mkojo (kuona kama figo inavujisha protini), kreatinini (kuona figo zinavyofanya kazi) na madini ya potasiamu kwenye damu, sukari, mafuta ya damu, na kile cha umeme wa moyo kikiwepo. Vyote visipopatikana siku hiyo dawa inaweza kuanza, usikubali kukaa miezi unasubiri kipimo. Figo ndo naisisitiza maana presha inaila taratibu na yenyewe haipigi kelele. Benjamin Mkapa wanapandikiza figo tangu 2018, ni jambo la kujivunia kabisa hapa kwetu, ila heri ukajivunie ukiwa nje ya ile foleni.

Mwambie daktari kama una pumu, gauti, kisukari, una mimba au unaitafuta. Hivyo vinabadilisha dawa gani upewe.

Na swali la kila mtu, "nisianze kwanza na chakula na mazoezi?" Kama uko 130 na kitu na huna ugonjwa wa moyo, figo wala sukari, ndiyo, anza na jiko lako na miguu yako. Ukishafika 140 kwa 90 ikathibitishwa, Shirika la Afya Duniani linasema dawa ianze, isizidi wiki nne tangu ujulikane. Jiko na miguu vinaendelea sambamba. Hakuna ulazima wa kuchagua kimoja.

Hatua ya tatu: ijue dawa yako kwa jina

Maongezi ya kila wiki hapa kaunta:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuongeza zile dawa zangu."
"Zinaitwaje mama?"
"Vile vidogo vyeupe."

Mama, nusu ya rafu ni vidogo vyeupe! Amlodipini nyeupe, bendro nyeupe, nyingine za kisukari nazo nyeupe, na zipo za kupunguza mkojo na za kuongeza. Usitupe pakti tupu, njoo nayo, au mjukuu aipige picha iwe kwenye simu. Angalia jina dogo la dawa yenyewe, achana na jina kubwa la kampuni, maana kampuni zinabadilika kila mzigo ukija na watu wanadhani wamebadilishiwa dawa, wengine wanameza ya zamani na mpya pamoja na kumbe ni ileile.

Makundi yenyewe siyo mengi.

Amlodipini, ndugu yake ni nifedipini ya kumeza taratibu. Inalegeza mishipa ya damu. Kwa watu weusi inafanya kazi vizuri, mara moja kwa siku, na inachukua wiki moja mbili kufika nguvu yake yote, kwa hiyo usiilaumu siku ya tatu. Tatizo lake maarufu ni miguu kuvimba kwenye vifundo, hasa ukiwa kwenye miligramu 10. Mtu anaona miguu imevimba anasema figo zimekufa, anaacha dawa. Ni dawa tu inapanua mishipa midogo, rudi wakupunguzie dozi au wakuongezee ya kundi lingine. Na kuuondoa uvimbe huo kwa kumeza lasiksi, dawa ya kukojoza, haisaidii sana, ingawa wengi ndo wanakimbilia. Uvimbe ukija na kukosa pumzi hiyo habari nyingine, nenda hospitali.

Za mkojo: haidroklorothiazaidi (kwa kifupi HCT) na bendro. Zinatoa maji na chumvi. Meza asubuhi usije ukashinda chooni usiku. Zinaweza kushusha potasiamu na kuamsha gauti, ndo maana ya vile vipimo.

Za mwisho "prili", enalaprili, lisinoprili, kaptoprili, na za mwisho "satani", losatani na telmisatani. Hizi ni nzuri hasa kwa mwenye kisukari au protini kwenye mkojo. Za "prili" zina kikohozi kikavu cha kuudhi, mtu anakohoa miezi, anapimwa TB, anapewa dawa za kikohozi, kumbe ni kidonge cha presha. Ukibadilishiwa losatani kinaisha chenyewe baada ya muda. Midomo au ulimi ukivimba ghafla ukiwa kwenye hizi, acha hapohapo na kimbia hospitali. Usimeze "prili" na "satani" kwa pamoja. Na ukiharisha au kutapika sana siku hizo, uliza kama uzisimamishe kidogo, hizi na za mkojo, maana ukikaukiwa maji figo zinaumia.

Atenololi na wenzake wanapunguza kasi ya moyo. Siku hizi siyo chaguo la kwanza la presha ya kawaida, ila kama moyo una shida yake daktari anaweza kukupa. Hizi usiziache ghafla, moyo unaweza kurukia juu.

Watu wanakasirika wakiandikiwa dawa mbili, wanaona wamezidiwa. Wala. Kuongeza dozi ndogo ya dawa ya pili kunashusha zaidi kuliko kupandisha ya kwanza mara mbili, na madhara yanakuwa machache. Kuna utafiti ulifanyika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ukachapishwa 2019, wakalinganisha mchanganyiko wa dawa mbilimbili kwa watu weusi. Ule wenye amlodipini ndani yake, iwe imewekwa na ya mkojo au na ya "prili", ulishusha vizuri kuliko ule usio na amlodipini. Kwa hiyo ukiandikiwa amlodipini na HCT pamoja, daktari hakukosea.

Hatua ya nne: meza kila siku, hata ukiwa mzima

Saa uichague wewe. Asubuhi au usiku haina tofauti kubwa kwenye kuzuia kiharusi na moyo, hilo lilipimwa Uingereza kwa maelfu ya watu na majibu yakatoka 2022. Funga dawa na kitu unachokifanya kila siku bila kukosa, mswaki, chai, swala. Ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyohiyo, ikishakuwa kesho endelea na ya kesho moja tu, usimeze mbili kufidia.

Ukifunga Ramadhani au Kwaresma, dawa ya mara moja kwa siku inahamia futari au daku, pitia kliniki kabla mwezi haujaanza hasa ukiwa kwenye za mkojo na joto letu hili. Siku ya kliniki meza dawa kama kawaida. Hii nairudia maana kila siku naona: mtu ameambiwa asile kwa ajili ya kipimo cha sukari, na dawa ya presha naye anaiacha, anafika anasoma 175, daktari anaongeza dozi. Maji na kidonge cha presha havikatazwi, ila uliza kuhusu zile za sukari.

Kupona sasa. "Nilimeza miezi mitatu ikashuka 125, nikapona nikaacha." Imeshuka kwa sababu unameza! Kwa watu wengi ni dawa ya maisha. Wapo wanaopunguziwa, waliopungua uzito kweli au waliobadilisha ulaji, lakini wanapunguziwa na daktari taratibu huku wanapima, hawaamui wenyewe Jumapili jioni.

Na usigawane dawa na jirani. Yako imechaguliwa kwa figo zako.

Hatua ya tano: chumvi, na magadi

Hapa nikae kidogo maana ndo sehemu ya kwetu hasa. Kiwango cha mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hapo ni yote, ya kwenye mboga, ya kwenye mkate, ya supu ya asubuhi. Miili ya wengi wetu watu weusi inashikilia chumvi kuliko wengine, chumvi inavuta maji, maji yanajaza mishipa, presha inapanda. Ukiipunguza vizuri mwenye presha anaweza kushuka kama pointi 5 kwenye ile namba ya juu, karibu nusu ya kazi ya kidonge kimoja, na ni bure.

Namna ya kujua mnakula kiasi gani bila mzani: andika kwa kalamu tarehe mliyofungua pakti ya chumvi, juu ya pakti yenyewe. Nyumba ya watu wazima 5, kila mmoja gramu 5, ni 25 kwa siku, kwa hiyo pakti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 20. Na kwa kuwa mnakula chumvi nyingine nje, chipsi, mkate, mishikaki, inatakiwa ikae zaidi ya hapo. Nyumba nyingi nikiwaambia wafanye hivi inaisha siku kumi. Wanaanza kutafutana nani anamwaga.

Halafu magadi. Mlenda wetu, wengi wanatia magadi ili ulainike na uvute, na maharage yanatiwa ili yaive haraka gesi isiishe. Magadi ni sodiamu, ndo kitu kilekile kilichomo kwenye chumvi kinachopandisha presha. Mtu anakwambia "mimi chumvi nimeacha kabisa dokta", unamuuliza mlenda unaupikaje, anakunja vidole kuonyesha kipande cha magadi ukubwa wa punje ya karanga, kila siku, mchana na usiku. Jaribu hivi: majani mabichi ya mlenda au ile ya unga, maji yachemke kwanza, tia nyanya ya kuiva na bamia mbili tatu zilizokatwa, koroga, utavuta wenyewe. Ukitaka uwe mzito tia karanga za kusaga zisizo na chumvi. Bibi atasema haujaiva. Mpe wiki mbili. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha na maji mapya, yanaiva bila magadi.

Nyingine zinazojificha: vikyubu na unga wa viungo wa pakti (ukitia hicho chumvi usitie tena), samaki wa chumvi, soseji, achari, karanga za kukaanga na chumvi, mahindi ya kuchoma yanayopakwa ndimu na chumvi, na dawa za kiungulia za unga unaochemka ukitia kwenye maji. Kuku wa kuchoma na nyama choma muombe mchomaji asitie, utachovya mwenyewe kidogo, na kale kasahani ka chumvi kasogeze kwa mwenzako. Chumvi ya mezani iondoke mezani, hii peke yake ni kazi kubwa.

Punguza polepole, ndani ya wiki chache ulimi unazoea, baadaye chakula cha mgahawani utakiona kichungu kwa chumvi. Ndimu, tangawizi, kitunguu swaumu, binzari, pilipili hoho zitakusaidia. Ile chumvi ya pinki ya bei mbaya ina sodiamu kama hii ya kawaida, usidanganywe. Unayotumia iwe yenye madini joto, ule uvimbe wa shingo nao hatuutaki.

Upande wa kula sasa: ugali wa mtama au uwele usiokobolewa, mchicha, maharage, choroko, viazi vitamu, ndizi, parachichi, maziwa yasiyo na mafuta mengi. Vina potasiamu na nyuzi ambazo zinasaidia kushusha. Kama figo zako zimeshaambiwa zina shida, au uko kwenye dawa inaitwa spironolaktoni, uliza kwanza kabla ya kujaza potasiamu, huko inaweza kukudhuru moyo.

Hatua ya sita: zabibu, wine na choya

Mji wetu ni wa zabibu, na kuna msemo unatembea kwamba wine nyekundu glasi moja ni dawa ya presha. Hapana. Pombe inapandisha presha, ya zabibu, ya mtama, bia, zote, na kadiri unavyokunywa nyingi ndo inavyopanda. Kama hunywi usianze kwa ajili ya afya. Kama unakunywa, punguza, na usikusanye za wiki nzima ukazimaliza Jumamosi. Zabibu zenyewe kula, ukiwa na kisukari kwa kipimo.

Choya je? Choya kavu ya sokoni ukiichemsha, tafiti zipo zinaonyesha inashusha kidogo. Kidogo. Kunywa, mimi mwenyewe naipenda, ila isiwe na sukari vijiko vinne na isichukue nafasi ya kidonge. Kitunguu swaumu vilevile. Mlonge, mdalasini, zile bangili za sumaku na chupa za majani zisizo na lebo zinazouzwa kwa spika stendi, hela yako hiyo nunua mashine ya presha.

Hatua ya saba: tembea, punguza kitambi

Dakika 30 za kutembea haraka, siku 5 za wiki, ile kasi ambayo unaweza kuongea ila kuimba huwezi. Toka Area D mpaka Nyerere Square kwa miguu asubuhi kabla jua halijachachamaa, jioni tena ukiweza. Watumishi wa Mtumba, mnakaa kutwa nzima, basi likiwashusha shukeni kituo kimoja kabla. Mkulima atasema yeye analima, sawa, lakini analima Desemba mpaka Aprili, na kuanzia Juni anakaa chini ya mwembe. Kama bado uko 180 na kitu anza kutembea taratibu tu, vyuma na mbio zisubiri ishuke.

Kila kilo unayopunguza ni kama pointi moja ya presha. Sigara na ugoro acha, hata kama vidonge vinafanya kazi, mishipa yako inaharibiwa kwa mlango mwingine. Na kama mwenzi wako analalamika unakoroma mpaka unakata pumzi usingizini, mwambie daktari, hiyo inaweza kuwa ndo inayofanya presha yako igome kushuka.

Hatua ya nane: dawa nyingine zinazoharibu kazi

Kabla hujasema dawa ya presha haifanyi kazi angalia unameza nini kingine. Diklofenaki, diklopa, ibuprofeni, meloksikamu, hizi za mgongo na magoti zinapandisha presha, na ukizichanganya na losatani na ya mkojo zinaweza kuzigonga figo. Wazee wengi wanazimeza kila siku na hawazitaji kliniki kwa sababu "hizo ni za miguu". Mwenye presha maumivu aanze na parasetamoli, isiyo ile ya kuchemka kwenye maji maana ina sodiamu nyingi. Dawa za mafua za kuzibua pua, prednisoloni, baadhi ya vidonge vya majira, vinywaji vya kuongeza nguvu, navyo vimo. Ukija famasi yoyote neno la kwanza liwe "nina presha", kabla hata hujataja unachoumwa.

Hatua ya tisa: kliniki na lengo lako

Lengo ni chini ya 140 kwa 90, na mwenye kisukari, figo au moyo ile ya juu iwe chini ya 130 akivumilia bila kizunguzungu. Mwanzoni rudi kila mwezi mpaka ufike lengo, ukishatulia kila miezi 3 mpaka 6. Beba daftari lenye namba za nyumbani. Mzee anayeona giza akisimama apimwe akiwa amekaa na akiwa amesimama, pengine dozi imezidi, na asubuhi aketi kitandani kidogo kabla ya kunyanyuka.

Isiposhuka na unameza dawa tatu, moja ikiwa ya mkojo, na chumvi umepunguza kweli na magadi hakuna na diklofenaki hakuna, hapo omba rufaa kwa bingwa, inaweza kuwa figo au homoni, na kuna dawa za kuongeza kama spironolaktoni.

Wajawazito na wanaotafuta mtoto

Losatani na za "prili" zinamdhuru mtoto tumboni. Ukijua tu una mimba nenda kliniki haraka wabadilishe, kuna methaildopa, nifedipini ya kumeza, labetaloli. Na mjamzito yeyote aliyevuka wiki 20 akipima 140 kwa 90, au kichwa kinauma sana, macho yana nyota, maumivu juu ya tumbo upande wa kulia, aende siku hiyo, inaweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba. Akishajifungua aendelee kupimwa, haiishi pale labor.

Ukisafiri au ukienda shamba

Mvua zikianza watu wanahamia mashambani, Kondoa, Mpwapwa, Bahi ndani huko, wengine wanarudi Machi presha iko juu ya paa kwa sababu dawa ziliisha Januari na mto ulijaa. Kabla hujaondoka omba za miezi miwili au mitatu. Duka la dawa la kijijini linaweza lisiwe na yako, kwa hiyo andika jina la dawa na miligramu kwenye karatasi, liwe kwenye pochi. Vidonge usiviweke dirishani wala kwenye dashibodi ya gari, jua linaviharibu, viache kwenye pakti yake, kwenye mkoba, nyumba ya udongo pale kwenye kona yenye ubaridi inatosha. Ukibakiwa na vya wiki moja, ndo siku ya kumtuma mtu mjini.